Mtungi wa kilo 6 na sindano isiyotaka kushuka

Siku ya 1. Mama ana desturi ya kutikisa mtungi akitaka kujua gesi imebaki kiasi gani. Nimemwomba mwezi huu tusitikise, tupime. Nimenunua Kariakoo regyuleta yenye geji yake tayari, yaani saa yenye sindano ya kusomea presha (sikutoboa wala kuunga kitu, kila kiungo nimekipaka povu la sabuni), na mizani ya kuning'iniza inayosoma kwa hatua za gramu 10. Napima saa nne asubuhi, jiko likiwa halijawashwa tangu jana, kipimajoto kikisoma nyuzi 30. Leo geji: baa 4 (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka).

Hesabu ya shuleni imenikwamisha usiku huohuo. Ujazo wa mtungi ni kama lita 14.4. Geji huanza kuhesabu juu ya presha ya hewa, kwa hiyo presha kamili ni baa 5. Ukiingiza kwenye kanuni ya gesi kamilifu, ile inayounganisha presha, ujazo, joto na kiasi cha gesi, unapata gramu 140 hivi tu. Kilo 6 nzima, kwa kanuni hiyohiyo, ingehitaji baa 200 hivi.

Kanuni inachukulia kwamba molekuli hazina ukubwa wala hazivutani. Gesi ya namna hiyo ungeibana hadi kesho na isigeuke kimiminika. Ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na molekuli zake zinavutana vya kutosha kugeuka kimiminika kwa presha ndogo katika joto la hapa Sinza; na kimiminika kikiwepo, presha hufuata joto, si kiasi kilichobaki. Metani ya bajaji za gesi haifanyi hivyo, kwa sababu juu ya nyuzi 82 na ushee chini ya sifuri hakuna presha inayoweza kuifanya kimiminika. Ndiyo maana mitungi ya bajaji hujazwa hadi baa 200 hivi.

Siku ya 9. Maharage, saa mbili mfululizo. Mtungi umetoka jasho, lakini jasho limeishia kwenye mstari ulionyooka, juu pakavu. Kimiminika kinapochemka kuwa gesi, hunyonya joto kutoka kwenye chuma, na unyevu wa hewa ya Dar unageuka matone hapo. Mstari ule ndio usawa wa kimiminika. Nimeuangalia kwa furaha hadi maharage yakakaribia kuungua.

Siku ya 17. Zimebaki kilo 3. Geji: 2.5. Gesi kamilifu ingekuwa 1.5. Mbona imeshuka basi, kama kimiminika bado kipo? Nadhani ni propani: inachemka kwa urahisi zaidi, inatangulia kuondoka, na inayobaki ni butani yenye presha ndogo.

Siku ya 29. Kilo 1. Geji: 2.0. Kwa hesabu ya gesi kamilifu presha ingekuwa chini hata ya hewa ya nje na jiko lisingewaka.

"Mwanangu, hiyo saa yako inasema tuna gesi?" mama kauliza.

"Inasema kuna joto jikoni, mama. Gesi iliyobaki tuulize mizani."

Siku ya 34. Asubuhi sindano bado iko 2.0, chai imechemka, jioni imeanguka kabisa na moto ukazimika. Kimiminika kimekwisha, imebaki gesi tupu, na hapa ndipo kanuni ya shuleni ilipopata nafasi yake. Tangu sindano ianze kushuka hadi moto kuzimika, gesi kamilifu inatabiri gramu 66. Nikatumia pia mlinganyo wa van der Waals, Mholanzi aliyeutoa Leiden mwaka 1873 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Yeye alirekebisha mambo mawili: akaondoa nafasi inayokaliwa na molekuli zenyewe, na akaongeza kile ambacho kuvutana kwao kunapunguza kwenye presha. Kwa butani mlinganyo wake unanipa gramu 71. Molekuli zinavutana, kwa hiyo zinaingia nyingi zaidi kwa presha ileile.

Mizani yangu ilisoma 70. Ningependa sana kusema van der Waals kashinda, ila chombo cha hatua za gramu 10 hakiwezi kutenganisha 66 na 71. Mtungi mpya unaingia Jumamosi. Kabla ya hapo natafuta mizani ya gramu 1 inayobeba kilo 15, na mama ameshaniambia nisiguse ya dukani kwake.