Tarehe moja, kalenda tatu

Mtu akiamka saa tisa za usiku siku ya nne mfululizo, moyo wamwenda mbio na kifua kimebana, huanza kuisaka sababu katika mambo ya jana: deni, kazi, mtoto. Mara nyingi sababu iko kwenye kalenda. Siku ya tukio chungu inapokaribia kutimiza mwaka, mwili hutangulia kukumbuka, pengine wiki mbili kabla akili haijashtuka.

Kwa sisi wa Mombasa kalenda yenyewe si moja. Chukua feri iliyozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Kwa miezi ya Kizungu, kumbukumbu ni kila 29 Aprili. Kwa mwezi mwandamo ilikuwa Mfunguo Pili, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hivyo tarehe hiyo hurudi nyuma kila mwaka. Halafu iko kalenda ya tatu ambayo haikuchapishwa popote: majira. Mwisho wa Aprili ni masika, kaskazi imeshakata, kusi inashika. Mvua ya usiku juu ya mabati yatosha kumwamshia mtu hofu hata kama hajui leo ni tarehe ngapi.

Basi chukua karatasi, piga safu tatu: tarehe ya Kizungu, tarehe ya mwandamo, na dalili za majira (mvua, upepo, maembe kuanza, harufu fulani). Zungushia duara kuanzia wiki mbili kabla hadi siku tatu baadaye. Ndani ya duara hilo usihame nyumba, usiache kazi, wala usikubali kikao cha mirathi. Hicho cha mirathi hasa. Jamaa hupenda kukipachika siku hiyo hiyo ya hitima.

Hitima au misa ya kumbukumbu husaidia sana, ila ipangwe mapema na kazi zigawanywe. Ikiachwa hadi siku mbili za mwisho, mfiwa ndiye anayeishia kukoroga sufuria ya pilau, na jioni hajapata hata dakika ya kulia.

Pumzi: vuta kwa puani ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu sita, dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala. Anza wiki moja mapema, kwa sababu hofu ikishapanda si wakati wa kujifunza. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa kubwa za haraka. Hapo kabonidioksidi hupungua mwilini, kichwa chazunguka, vidole vyafanya ganzi, na mtu anadhani anakufa. Ikitokea hivyo, pumua kidogo, si zaidi.

Kahawa chungu na muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa) viache siku hizo, au walau visivuke adhuhuri. Vyote huupeleka moyo mbio, na mwili hautofautishi mbio za muguka na mbio za woga.

Kukwepa mahali pa tukio hutuliza leo na kuikuza hofu kesho. Aogopaye feri aanze kwa kuitazama kutoka ufuoni Mama Ngina. Siku nyingine ashuke hadi kivukoni bila kupanda. Kisha apande na mwenzake mchana wakati watu ni wachache. Kila hatua abaki pale hadi moyo utulie. Akikimbia hofu ikiwa juu, mwili utajifunza kuwa hatari ilikuwa ya kweli. Wala asianze zoezi hili ndani ya lile duara. Na kama aliponea chupuchupu mwenyewe, asilifanye bila mshauri nasaha.

Simu nayo: Facebook na Google Photos huleta picha za zamani bila hodi. Kwenye mipangilio ya kumbukumbu unaweza kuficha tarehe au mtu.

Ikiwa mwezi umepita tangu tarehe hiyo na usingizi haujarudi, nenda hospitali. Port Reitz pana kitengo cha afya ya akili. Mawazo ya kujidhuru hayangoji mwezi: piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, siku hiyo hiyo.

Na nyumbani mwambie mtu mmoja mapema, kwa maneno machache: “Shangazi, wiki ijayo ndiyo ile tarehe. Nikinyamaza usinihoji, lakini magharibi usiniache peke yangu.”