Saa ya ukutani ya bibi wa Saitama

Jumamosi usiku. Sura ya tatu imekamilika, na kwa mara ya kwanza mchezo unafika mwisho bila kukwama. Kwa aliyejiunga leo: natengeneza riwaya ya kompyuta, ile ya maandishi chini na picha nyuma yake, msomaji anabofya kusonga mbele na mara mojamoja anachagua njia. Ni hadithi ya upelelezi, Tokyo, kiangazi cha 1949. Programu ni Ren'Py. Msimbo wa mchezo naandika mwenyewe na picha nachora mwenyewe, ndiyo maana nachelewa.

Mbegu yake ni kesi ya benki ya Teikoku. Tarehe 26 Januari 1948 mtu mmoja aliingia tawi lake la Shiinamachi, Tokyo, akijifanya afisa wa afya, akasema kuna ugonjwa wa kuhara damu mtaani, akawanywesha watu 16 "dawa". Kumi na wawili wakafa. Mchoraji Hirasawa Sadamichi akakamatwa na kuhukumiwa kifo, lakini hakunyongwa. Alifia kifungoni mwaka 1987 akiwa na miaka 95, bado anasema si yeye. Kesi yenyewe sikutaka kuigusa, ile ina marehemu wa kweli. Nilichukua kitu kimoja tu: mtu ambaye mtaa mzima umeshaamua kuwa ndiye muuaji.

Wangu ni mlanguzi wa mchele katika soko la magendo la Ueno, mtaa wa Tokyo. Hapendwi, na kwa kweli hapendeki; anawauzia watoto yatima wanaolala kwenye njia za chini ya stesheni, na bei hapunguzi. Mwanamke ameuawa karibu na reli saa nne usiku. Bibi mmoja kijijini Saitama, kaskazini ya Tokyo, anakonunua mchele, anasema mlanguzi aliondoka kwake saa mbili usiku. Safari hadi Ueno ni ya saa moja na nusu. Basi, alikuwa na muda wa kutosha, kitanzi kimemfika shingoni.

Ila kuna jambo nililolipata nikisoma habari za miaka ile. Chini ya utawala wa Wamarekani, Japani ilisogeza saa mbele kwa saa moja kila kiangazi, kuanzia 1948 hadi 1951. Watu wengi hawakuipenda. Bibi wangu ni mmoja wao: saa yake ya ukutani hajaigusa. Saa mbili yake ni saa tatu ya serikali. Mlanguzi alifika Ueno saa nne na nusu, maiti ikiwa imeshalala pale nusu saa.

Nilijiona fundi kweli. Nikampa mdogo wangu aujaribu.

"Kaka, umekosea saa. Bibi anasema saa mbili, kwenye picha mshale uko kwenye nane."

Nikamwambia hiyo si ndiyo saa mbili yetu? Akacheka, akasema ndiyo, lakini akiwa ndani ya mchezo anasoma kama Mjapani. Halafu alipofika stesheni na kuona saa kubwa iko mbele kwa saa moja, akadhani ni kosa langu jingine akapita. Dalili yote ya kesi imezikwa pale! Sisi tumezoea tangu utotoni kuona mshale unasema hivi na mdomo unasema vile, kwa hiyo saa zisipolingana hatushtuki.

Siku mbili nimehangaika nayo. Kwanza nilifikiria wahusika waseme "saa ishirini" kijeshi, ikasikika kama tangazo la uwanja wa ndege. Nikaifuta. Sasa mazungumzo yote ni saa za Kiswahili, na nimeongeza kitu kidogo: mpelelezi akiingia kwa bibi anatoa saa yake ya mfukoni, anaitazama, anatazama ukutani, anairudisha. Hasemi neno. Ukibofya saa ya ukutani mara ya pili, bibi anang'aka kwamba kuku wake hawapokei amri za serikali.

Picha: Stesheni ya Tokyo nimeichora upya. Nilikuwa nimeiwekea kuba mbili za mviringo kutoka picha ya siku hizi, kumbe ziliungua kwa mabomu mwaka 1945 na zikarudishwa 2012. Katika hadithi yangu paa lina pembe. Mabango ya maduka nayo mengine yasomeke kutoka kulia, mtindo wa zamani, mengine kutoka kushoto. Hayo bado.

Sauti ya redio ya ufunguzi iko tayari. NHK, shirika la utangazaji la Japani, walikuwa na kipindi cha kusoma majina ya watu waliopotezana vitani, na jina la marehemu wangu linasomwa humo, ndugu yake anamtafuta. Linapita haraka sana, nadhani nitaliacha hivyo hivyo.

Jana mdogo wangu alicheza tena. Saa ya mfukoni aliiona, ya ukutani hakuibofya. Mlanguzi akanyongwa, skrini ikawa nyeusi, yeye akabaki anabofya.

"Kwani ndiyo imeisha?"

Nimemwambia arudi kwa bibi.