Picha ya 41

Jumamosi, saa nne usiku.

Vidole vinanuka makumbi na mgongo unauma, ila nikilala bila kuandika nitaamka nimesahau.

Leo nimeshinda shambani kwa mjomba, Pangani, nikipiga picha nazi. Natandika kaniki chini ya mwembe, naweka nazi moja katikati, napiga, naitoa, naleta nyingine. Mjomba alipita akaniuliza kama nimepata mteja wa nje. Nikamwambia hapana mjomba, kuna kazi ya msanii mmoja Mwingereza imenikaa kichwani, nataka niielewe kwa mikono.

Mwenyewe ni Anna Ridler. Mwaka 2018 alikuwa Uholanzi msimu wa tulipu, na kwa miezi kama mitatu alinunua maua akayapiga picha moja moja juu ya weusi, hadi zikatimia 10,000. Kisha akashika kalamu. Chini ya kila picha aliandika kwa mkono wake rangi ya ua, kama lina michirizi au halina, kama bado ni tumba, limechanua au limekufa. Kazi hiyo, Myriad (Tulips), huonyeshwa ukutani kwa safu ndefu, na mwandiko unausoma ukisogea karibu.

Picha hizo ndizo alizoifundishia kompyuta. Mitandao miwili, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, hushindanishwa: mmoja unabuni picha, wa pili unakagua na kusema hii ya kweli, hii ya kughushi. Ule unaobuni hukataliwa mara nyingi mno, unarekebisha, unarudi, mpaka ughushi wake upite. Humo ikazaliwa Mosaic Virus, video ya tulipu ambazo hazijawahi kuota popote, michirizi yake ikizidi na kupungua kufuata bei ya bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Jina ni la kirusi kinacholipa ua la tulipu michirizi. Karne ya 17 Waholanzi waligombea tulipu zenye michirizi kwa bei za kutisha, hadi soko likaanguka Februari 1637, na hawakujua kwamba uzuri ule waliokuwa wakiulipia ulikuwa ugonjwa.

Mwaka huohuo wa 2018 gumzo kubwa lilikuwa kwingine: picha iitwayo Edmond de Belamy, iliyobuniwa na mashine ya kikundi cha Ufaransa, Obvious, iliuzwa mnadani Christie's kwa dola 432,500, na watu wakabaki wanabishana kama mashine imekuwa msanii. Mimi swali hilo halininyimi usingizi. Ninachotaka kujua ni nani aliyeipa mashine vitu vya kutazama, na nani aliyevipa majina. ImageNet, hazina ya picha zaidi ya milioni 14 ambayo kompyuta nyingi zilijifunzia kuona, ilipangwa na maelfu ya watu waliolipwa visenti kupitia intaneti. Mwandiko wao hauonekani mahali. Ridler ameurudisha mwandiko ukutani, na nikiutazama namwona mtu aliyesita mbele ya ua: hili niite la machungwa, au la njano?

Kwa sababu hiyohiyo nampenda msanii Minne Atairu wa Nigeria. Waingereza walipouvamia ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, mwaka 1897 walibeba sanamu za shaba kwa maelfu na kumpeleka Oba, mfalme wake, uhamishoni. Hadi 1914 kiti kilikuwa kitupu, na mafundi wa kusubu hawakuwa na Oba wa kuwaagiza kazi. Atairu ameifunza mashine kwa picha za sanamu zilizoporwa, akaiuliza nini kingesubiwa katika miaka ile 17. Kazi ameiita Igùn. Kila sura mpya humo imetoka kwenye picha za mali iliyoibwa. Nikiwaza hilo huwa naiacha simu mezani kwa muda.

Basi, nazi zangu. Nilianza na majina manne, toka changa hadi pevu: kidaka, kitale, dafu, nazi. Kabla ya picha ya 20 nikalazimika kuongeza koroma, lililo kati ya dafu na nazi. Alasiri mkwezi wetu, Baba Mwajuma, akaja kupumzika kivulini baada ya kuangua, nikampa daftari. Akalisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, huku akiangalia nazi zilizopangwa kwa namba. Kwenye ya 41 nilikuwa nimeandika dafu. Kijani kibichi, limejaa vizuri, hata wewe ungeandika dafu.

"Hili koroma, mwanangu."

Nikamuuliza amejuaje. Aliliokota, akaligonga kwa mgongo wa panga, akanisogezea sikioni na kulitikisa. Dafu maji yamejaa tele, hayachezi. Haya yalicheza, kidogo sana, kama mtu anasukutua chumba cha pili.

Nina picha 112, na sauti ile haimo hata kwenye moja. Rangi ipo, umbo lipo, mpaka kovu la kikonyo linaonekana. Nikiilisha mashine picha hizi kama zilivyo, itajifunza ukijani, itayaita makoroma yote madafu, na itakuwa imesema hivyo kwa sababu mimi niliandika hivyo.

Tukazipitia zote upya, yeye anagonga, mimi naandika. Majina 19 yamebadilika. Yale ya mwanzo sikuyafuta. Nimeyakata kwa mstari mmoja na kuandika la Baba Mwajuma pembeni, ili yeyote atakayelishika daftari aone nilikosea wapi na nani alinisahihisha. Mbili tulibishana hadi mwisho, hizo zina majina mawili.

Kesho alfajiri, kabla jua halijakali, atakwea minazi ya upande wa mto. Kaniki nimeshaikung'uta. Nimeazima simu ya binamu yangu pia, nitaiweka karibu na panga irekodi kila anapogonga.