Nilivyopata kamusi ya Kithai ya kunifaa sokoni Chanthaburi

Kiingereza kinatosha kuuza mawe ya vito Chanthaburi, mji wa Thailand wenye soko la vito, ila hakitoshi kuelewa wanaokuzunguka wanasemaje. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili mtaa wa Si Chan hujaa meza. Wanunuzi wanakaa, madalali wanapita na vifurushi vyao, na mambo ya maana kuhusu jiwe lako wanaambiana kwa Kithai. Mimi natoka Arusha, nauza safaya za Tunduru na spineli za Mahenge, na nilitaka kuyasikia hayo kwa masikio yangu. Mwalimu sikuhangaika kumpata. Kilichonisumbua ni kamusi, maana katika maduka ya vitabu Bangkok zimejaa rafu nzima, na karibu kila moja inajinadi kwa wingi wa maneno yaliyomo.

Wingi wa maneno niliuweka pembeni. Nilimwomba mwalimu aniandikie maneno ninayokutana nayo kila siku mezani, nikaenda na karatasi ile dukani, nikawa natafuta maneno yaleyale katika kila kamusi niliyoishika.

Nilianza na almasi. Kithai kina toni tano: phet ya sauti ya juu ni almasi, phet ya sauti ya chini ni ukali wa pilipili. Sasa, serikali ya Thailand ina utaratibu wake wa kuandika Kithai kwa herufi za Kirumi, ndio unaouona kwenye vibao vya barabarani, na utaratibu huo hauonyeshi toni wala urefu wa irabu. Kamusi zinazoufuata zinakuandikia phet na phet, basi. Nikajaribu suai. Ikitamkwa kwa sauti inayopanda maana yake ni kupendeza. Ikitamkwa tambarare ni kupatwa na mkosi. Nikajaribu klai: sauti ikishuka ni karibu, ikiwa tambarare ni mbali. Kwenye kijitabu kimoja cha mfukoni, karibu na mbali yalikaa yameandikwa sawasawa kabisa, herufi kwa herufi, bila alama yoyote ya kunisaidia. Nikakirudisha. Mtu anayesifia jiwe mbele ya mnunuzi hawezi kutegemea kitabu kisichotenganisha uzuri na mkosi.

Jaribio la pili lilikuwa gumu zaidi, na ndilo ninalowasisitizia wenzangu. Kamusi lazima ikuruhusu kutafuta neno ulilolisikia tu, ambalo hujaliona limeandikwa. Kithai kina herufi 44 za konsonanti, mbili kati yake hazitumiki tena, na sauti moja inaweza kuwa na herufi kadhaa. Sauti th peke yake ina herufi sita, s ina nne. Ukisikia dalali akitaja thapthim, yaani rubi, utafungua herufi ipi kati ya hizo sita? Zaidi ya hapo kuna irabu zinazoandikwa kabla ya konsonanti yake ilhali kamusi inapanga kwa konsonanti. Phet ya almasi inaanza kwenye karatasi kwa alama ya irabu e, lakini unaitafuta kwenye ph. Kanuni hiyo inafundishika. Ila mtu aliye sokoni, simu mkononi na mteja mbele yake, hana muda wa kubahatisha herufi.

Ndiyo maana niliichukua kamusi ya Benjawan Poomsan Becker na Chris Pirazzi, iliyotoka mwaka 2009. Ina sehemu tatu: moja imepangwa kwa Kiingereza, nyingine kwa matamshi ya Kithai yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi pamoja na alama za toni, na ya tatu kwa maandishi ya Kithai yenyewe. Programu yake ya simu ina sauti za kusikiliza, na hizo nilizihitaji sana. Kai ni kuku, khai ni yai, na toni yake ni ileile. Tofauti ni pumzi tu. Rafiki yangu wa Lamu, ambaye kwao paa wa porini na paa la nyumba hutofautishwa kwa pumzi hiyohiyo, aliidaka mara moja. Mimi wa bara nilisikiliza mpaka sikio likazoea.

Kitu cha tatu ni maneno ya kuhesabia. Huwezi kusema mawe matatu ukaishia hapo. Unasema ploi sam met: jiwe, tatu, kisha neno la vitu vidogo kama punje. Watu wana khon, wanyama tua, magari khan, vitabu lem. Sisi tuliolelewa na ngeli hatushangai vitu kupangwa kwa makundi, lakini kundi la kila nomino lazima mtu akuambie. Kamusi ya Mary Haas, iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1964, inayataja maneno hayo kwa uangalifu mkubwa. Inatoka Kithai kwenda Kiingereza tu, na alama zake za matamshi ni za wanaisimu, lakini naipenda mno na ninayo nakala iliyokwishatumika.

Ya Kithai kwa Kiswahili sikuiona dukani, kwa hiyo Kiswahili nakiandika mwenyewe pembeni mwa kurasa. Hapo ndipo ninapoweka pia maana za kazini. Phao ni kuchoma, na ploi phao ni jiwe lililopitishwa kwenye moto kuboresha rangi, kazi ambayo Chanthaburi inasifika nayo. Sot kwa kawaida ni kitu kibichi au freshi, lakini ploi sot ni jiwe ambalo halijachomwa, na bei yake ni nyingine kabisa. Neno kama hilo unalipata kwa madalali, unalithibitisha kwa mwalimu, unaliandika.

Siku hizi nimeanza pia kufungua kamusi rasmi ya Taasisi ya Kifalme ya Thailand, toleo la 2011, Kithai kwa Kithai. Nasoma polepole, na maneno ya maelezo nayo hunirudisha kwenye zile kamusi mbili, lakini kwa tahajia sina pengine pa kuuliza panapoaminika zaidi.