Saa sita na ufito: mashindano kwenye bwawa la vigingi 24

Mashindano ya uvuvi wa ndoana kwenye mabwawa madogo ya Uingereza mara nyingi huchukua saa sita: filimbi ya kwanza saa nne asubuhi, ya mwisho saa kumi jioni. Samaki hukaa hai wavuni, hupimwa, kisha hurudishwa majini, na mshindi ni mwenye uzito mkubwa. Wanaolengwa ni karpi, F1 (chotara wa karpi), brimu na rochi. Samoni na trauti wana uvuvi wao na watu wao. Mara nyingi kinachonikosesha zawadi si kigingi kibaya (kigingi ni nafasi ya kuvulia yenye namba, kando ya bwawa), ni mkono wangu kumwaga chakula kupita kiasi. Hii ni Jumapili moja ya Septemba niliyojitahidi kuuzuia.

Leseni ya uvuvi ya Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, iwe mfukoni. Anayevua huko akiwa na miaka 13 au zaidi lazima awe nayo. Nyavu za kutunzia samaki sikubeba. Bwawa lile, kama mengi mengine, hukupa zake, kwa sababu wavu wenye unyevu wa bwawa la jana unaweza kuleta virusi vya herpesi ya koi, ugonjwa unaofagia karpi bwawa zima. Tukavuta kura saa mbili na nusu. Nilipata namba 17: kisiwa chenye majani mbele yangu, umbali wa mita 14 hivi, matete kulia, upepo ukinijia usoni.

Kabla ya kuunga ufito, yaani fimbo ndefu ya kuvulia inayoungwa kwa vipande, tazama juu. Ufito wa kaboni hupitisha umeme vizuri sana, na kanuni ni kukaa angalau mita 30 kutoka nyaya za umeme. Ukishaona mbingu ni safi, panga kiti. Miguu yake yote iguse ardhi, na mapaja yako yalale sawa, yasiinamie maji, la sivyo kufikia saa saba mgongo utakuwa umekwisha. Rola, egemeo ambalo ufito huteleza juu yake, huwekwa nyuma mahali ambapo ufito, ukishaufungua sehemu ya mbele, hubaki juu yake bila kupinduka.

Kazi ninayoipa muda kuliko zote ni kupima kina. Natundika bildi, kirisasi cha kupimia kina, kwenye ndoana na kuishusha taratibu. Boya likizama, mshipi wa chini ni mfupi. Likilala au likichomoza sana, ni mrefu. Narekebisha mpaka ncha tu ionekane, halafu nasogea sentimita 30 kushoto, 30 kulia, 30 mbele. Lengo ni kupata tambarare. Chakula kikiangukia mteremko wa kisiwa huporomoka, na samaki hukifuata mpaka ndoana ikabaki peke yake juu. Pale 17 nilipata mita 1.7 kwa umbali wa mita 13, na sentimita 55 kando ya matete. Kila kina nilikitia alama kwenye ufito kwa wino mweupe wa kusahihishia. Boya hupanda mshipini bila wewe kujua, na alama hiyo ndiyo inayokuonyesha.

Mshipi mkuu ulikuwa wa milimita 0.17, kipande cha ndoana cha 0.13 chenye urefu wa sentimita 15, na ndoana namba 16 isiyo na kijino. Kipande cha ndoana kiwe chembamba kuliko mshipi mkuu, ili kikikatika samaki asiondoke na boya. Vijirisasi vya namba 10 nilivikusanya nusu ya chini, na boya nikalizamisha hadi milimita tatu tu za ncha zikabaki nje. Likielea zaidi ya hapo, F1 hunyonya chambo na kukitema kabla hujaona chochote. Ndani ya ufito unapita mpira wenye uwazi katikati, wa unene wa wastani. Huo ndio unaochosha samaki. Mikono yako inaongoza tu.

Chakula: nusu lita ya peleti (vidonge vya chakula cha samaki) za milimita 2. Zifunike kwa maji dakika mbili, chuja, ziache nusu saa. Zikiwa tayari, ukizibana kiganjani hushikana, na zikigusa maji huachana. Zikiloa sana huwa uji, na uji hauna faida. Za ndoana ni zile laini za milimita 4 zenye hewa ndani. Hutiwa na maji kwenye pampu, unavuta mara tatu au nne hewa itoke, zinazama. Weka chache tu ndoo ndogo, kwa sababu zikikaa juani hupasuka.

Filimbi ilipolia nilimwaga kikombe kimoja kidogo, kama mililita 50, kule mita 13. Jirani wa kigingi 18 alimwaga vikombe vitatu vikubwa. Baada ya hapo chakula changu kilipita kwenye kikombe kidogo cha kwenye ncha ya ufito, chenye ujazo wa kijiko cha chai: kijiko kimoja, samaki mmoja. Unaposukuma ufito juu ya rola usiutikise. Ukitikisika, chakula humwagika njiani nawe unalisha samaki mahali usipovua.

Saa ya kwanza ilinipa samaki tisa. Kufikia saa sita mchana nilikuwa na 22, nikalewa mafanikio, nikaanza kutia vijiko viwili. Ndani ya robo saa boya lilikuwa likizama kila dakika, nami nikivuta nakuta hewa. Kisha ndoana ikarudi na gamba, jeupe, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Gamba kwenye ndoana maana yake ni moja: samaki wameinuka kutoka chini, wanakimbilia chakula kikiwa bado kinashuka, na miili yao inagonga mshipi. Hawajadona. Anayevuta kila boya linapozama huishia kunasa mapezi na tumbo, na samaki aliyenaswa hivyo hukimbia, huvuruga wenzake, na mara nyingi hupotea.

Dawa yake ni kusimamisha chakula. Nilikaa dakika kumi bila kulisha, nikivua rochi na brimu wadogo karibu, mita 5, kwa funza. Hao huwekwa wavu wao wa peke yao. Niliporudi mita 13 nilirudia kijiko kimoja, na boya likaanza kuzama kwa utulivu, mara moja na kwa kina. Huko ndiko kudona kwenyewe.

Kando ya matete sikugusa mpaka saa tisa. Samaki wakubwa hujisogeza ukingoni jioni, kelele za mchana zikipungua. Nilitia kikombe kikubwa cha mahindi matamu na peleti, nikasubiri mkia wa kwanza utibue tope, nikashusha punje mbili. Mshipi kati ya ncha ya ufito na boya ulikuwa sentimita 20 tu. Ukiwa mrefu upepo huubeba. Karpi saba kwa dakika hamsini.

Kosa la siku lilikuwa la hesabu. Bwawa lile huruhusu ratili 50 kwa kila wavu, na zinazozidi hazihesabiwi, kwa kuwa samaki wakibanana huumia. Wale 22 wa mwanzo nilikuwa nikiwakadiria ratili 2 kila mmoja, yaani 44, ndipo nikabadilisha wavu. Mzani ulisoma ratili 54 na aunsi 6, na nikaandikiwa 50. Wavu wa pili 31 na aunsi 10, wa rochi na brimu 6 na aunsi 2: jumla 87 na aunsi 12, nafasi ya tatu. Wa pili alikuwa na 90 na aunsi 3. Sasa samaki watano wa kwanza nawapima mmoja mmoja kwa mzani mdogo wa mkono kabla ya kuwatia wavuni, na nikifika 40 kwa kukadiria, nabadilisha wavu.