Nyuso za Waxahachie

Kutoka Dallas hadi Waxahachie ni kama kilomita 48 kuelekea kusini, na mwenzangu alizilala zote. Alizinduka mnara ulipochomoza juu ya mapaa ya maduka.

"Kanisa hilo?"

"Mahakama."

Hakuniamini mpaka tulipoegesha gari uwanjani. Ilikuwa Jumamosi, milango imefungwa, jua la Julai linachoma.

Texas ina kaunti 254, na zamani zile kaunti zilishindana kwa majengo ya mahakama kama watu wanavyoshindana kwa harusi. Kaunti ya Ellis, yenye makao yake hapa Waxahachie, ilikuwa na jeuri ya pamba. Jiwe la msingi liliwekwa 1895, jengo likakamilika 1897. Msanifu wake, James Riely Gordon, alifuata mtindo wa msanifu mwingine wa Marekani, Henry Hobson Richardson: mawe makubwa yasiyolainishwa, matao mazito ya mviringo, nguzo nene. Granaiti ya waridi, mawe ya mchanga mekundu, na juu ya yote mnara wenye saa.

Lakini mimi nilifuata nyuso. Zimechongwa kwenye vichwa vya nguzo za barazani. Husimuliwa kwamba mchongaji, Harry Herley, alimpenda Mabel Frame, binti wa nyumba alimopanga chumba. Akaanza kuchonga sura yake, nzuri kama malaika. Binti akamkataa. Kadiri moyo ulivyoungua, ndivyo sura zilivyozidi kuharibika: meno yakatokeza, macho yakatumbuka. Wanahistoria hawaikubali hadithi hii, na kweli vinyago vya kutisha vilikuwa vya kawaida katika majengo ya mtindo huo. Hata hivyo, ukisimama chini ya sura moja iliyokenua, huwezi kuacha kumhurumia fundi.

Kilichonishangaza zaidi sikukitarajia. Tulipokimbilia kivuli cha baraza, niligundua kwamba milango haiko katikati ya kuta. Jengo lina umbo la msalaba wenye mikono sawa, na mabaraza yamejibanza kwenye pembe, pale mikono inapokutana. Gordon alikuwa anapambana na joto. Hewa inapita kwenye vivuli hivyo, inaingia hadi kitovu cha jengo chini ya mnara, na ile ya moto inapanda na kutokea juu. Kumbe mnara niliodhani ni mbwembwe za matajiri wa pamba ni dohani! Siku hizi kuna viyoyozi, lakini umbo limebaki. Na ukarabati mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 umelirudishia jengo hadhi yake.

Tulilizunguka mara ya pili, kisha ya tatu, yeye akimtafuta Mabel aliye mzuri kuliko wote, mimi nikiwa nimeinua kiganja pembe kwa pembe, nikitafuta upepo.