Kalenda ya Maji ya Mto Tana

Mara ya mwisho nilipohudhuria kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu Mto Tana, tulikaa chini ya mwembe katika kijiji kimoja kusini mwa Garsen. Wataalamu wa mradi walikuja na ripoti nene iliyoandikwa kwa Kiingereza, wakaieleza kwa nusu saa, kisha wakatandaza ramani juu ya meza ya shule na kuuliza kama kuna mwenye maoni. Mzee mmoja wa Kipokomo aliiinamia ramani ile kwa muda mrefu, akainuka bila kusema kitu, akachukua bakora yake na kuanza kuuchora mto mchangani: hapa ndipo maji yanapopanda ukingo kwanza, hapa yanaingia katika ziwa tunamovua samaki, hapa ni mashamba ya mpunga, na hapa, huku akikata mstari kuelekea mtoni, ni malka. Malka ni njia ambayo ng'ombe wa Waorma hupitia kwenda kunywa maji wakati wa kiangazi. Katika ramani ya mradi, mfereji mkuu ulikuwa umepita juu yake. "Mwanangu," alimwambia kijana aliyeileta ramani, "mkichimba hapa, ng'ombe watapita wapi?"

Aliyeishi katika Delta ya Tana hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Mwaka 2012 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano kati ya Wapokomo, ambao wengi ni wakulima, na Waorma, ambao wengi ni wafugaji, na ugomvi wa ardhi, malisho na njia za kufikia maji ulikuwa umekaa miongoni mwao kwa miaka mingi kabla ya damu kumwagika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayejua malka ilipo aulizwa kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Akiulizwa baada ya ramani kuchapishwa, anachoombwa hasa ni kuitikia.

Sheria haina upungufu katika jambo hili. Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja ushiriki wa umma katika Kifungu cha 10 miongoni mwa maadili ya kitaifa, na katika Kifungu cha 69 inaitaka Serikali ihimize umma kushiriki katika usimamizi na uhifadhi wa mazingira. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Mahakama nayo imesema: Februari 2013, katika kesi iliyopelekwa na wakazi wa Delta wenyewe, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliagiza mipango ya matumizi ya ardhi iandaliwe kwa kuwashirikisha wenyeji.

Lakini liko jambo moja ambalo vikao hivi haviligusi, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Mto unaotufikia sisi umekwisha kupita mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala la yote, kwa kuwa linaweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Zamani mto ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya vuli, na maisha ya huku chini yalipangwa kwa kufuata mafuriko hayo. Maji yalipopungua, mkulima alipanda katika tope jipya, mvuvi aliwakuta samaki wamebaki katika maziwa madogo, na mfugaji alileta mifugo yake kwenye majani mabichi wakati bara kote kumekauka. Tangu mabwawa yajengwe, mafuriko ya kawaida yamepungua, na yale makubwa yanapokuja, kama ya Aprili na Mei 2024 wakati mabwawa yalipojaa na kufurika, hutukuta tukiwa na tangazo la kuhama tu mkononi.

Kuonywa si kushirikishwa. Mama mwenye ekari moja ya mpunga anahitaji kujua ni lini maji yatafunguliwa, ni kiasi gani, na yatachukua siku ngapi kumfikia. Na zaidi ya kujua, anastahili kusikilizwa wakati kalenda ya kuyafungua inapopangwa. Mafuriko madogo yanayoachiliwa kwa makusudi, kwa wakati unaolingana na upanzi, yanaweza kurutubisha shamba lake. Maji yale yale yakija mpunga ukiwa unakaribia kuvunwa, yanamwachia deni. Umeme tunauhitaji sote, nami sidai mabwawa yafungwe. Nadai kwamba katika meza inapoamuliwa saa ya maji pawe na kiti cha mtu wa mwisho wa mto.

Kikao chetu kilipomalizika, karani alisoma kumbukumbu, na swali la mzee halikuwamo. Tuliomba isomwe tena, na mara ya pili likaandikwa. Kabla upepo haujaufuta mchoro, mwalimu mmoja aliunakili kwenye karatasi ya daftari, pamoja na maziwa, mpunga na malka, na wazee wa pande zote mbili wakatia sahihi chini yake, wengine kwa dole gumba. Nakala moja ilibanwa kwenye ripoti, na nyingine ninayo mimi.